Shilingi, Saa na Herufi za Pushkin

Tarehe 23 Januari 1913 mwanahisabati wa Kirusi, Andrei Markov, mwenye umri wa miaka 56, alisimama mbele ya Akademia ya Kifalme ya Sayansi mjini St. Petersburg akasoma taarifa ya kazi ambayo mhakiki wa kawaida wa mashairi hawezi hata kuiota. Mzee alikuwa amehesabu herufi. Si mizani, si vina, si taswira. Herufi! Alichukua "Yevgeny Onegin", ile riwaya ya kishairi ya Pushkin, sura ya kwanza yote na beti kumi na sita za sura ya pili, akafuta nafasi, akafuta vituo, akafuta na zile alama mbili za Kirusi zisizo na sauti yake yenyewe, akabaki na mstari mmoja mrefu wa herufi 20,000. Akazipanga katika miraba 200, kila mraba herufi 100, kumi kwenda chini na kumi kwenda pembeni. Kisha akaanza kazi: irabu, konsonanti, konsonanti, irabu. Yote kwa mkono, maana kompyuta ilikuwa bado haijazaliwa.

(Pushkin mwenyewe, kwa wasiojua, babu wa mama yake alikuwa Mwafrika, Abram Gannibal, aliyepelekwa Urusi akiwa mtoto. Si habari yetu ya leo, ila siwezi kupita bila kuitaja.)

Irabu zilitoka 8,638, konsonanti 11,362. Yaani ukizitia herufi zote kwenye gunia, ukachanganya, ukatoa moja bila kuangalia, uwezekano wa kutoa irabu ni kama 43 katika 100. Lakini shairi si gunia. Markov aliangalia herufi zinavyofuatana, akaona kwamba baada ya irabu, irabu nyingine ilikuja mara 1,104 tu, sawa na kama 13 katika 100. Baada ya konsonanti, irabu ilikuja mara 66 katika 100. Kwa hiyo herufi iliyopo sasa inaisukuma ile inayofuata. Haiamui moja kwa moja, lakini inaisukuma, na kiasi cha msukumo kinaandikika kwa namba.

Sasa wewe mwandishi chipukizi utauliza, hesabu zote hizi za nini? Za ugomvi, ndugu yangu. Kulikuwa na mwanahisabati mwenzake wa Moscow, Pavel Nekrasov, mtu wa dini sana, aliyekuwa akidai kwamba wastani wa mambo mengi hutulia pale tu ambapo kila jambo linajitegemea, halivutwi na jingine. Na kwa kuwa takwimu za ndoa na za uhalifu zinatulia mwaka hadi mwaka, basi, alisema Nekrasov, matendo ya watu yanajitegemea, na huo ndio ushahidi wa hiari ya mwanadamu. Markov alikuwa mkali kama pilipili, mtu ambaye mwaka 1912 aliliandikia Kanisa la Urusi akiomba atengwe, kwa kuwa Tolstoy naye alikuwa ametengwa. Hoja ya mwenzake ilimchefua. Tayari mwaka 1906 alikuwa ameonyesha kwa hesabu tupu kwamba hata mambo yanayosukumana, moja likilivuta jingine, wastani wake unaweza kutulia vizuri kabisa. Pushkin akawa shahidi wake.

Hebu tujaribu kwetu. Chukua methali fupi kabisa, haraka haraka haina baraka. Ina herufi 23: irabu 12, konsonanti 11. Baada ya konsonanti, irabu imefuata mara 11 kati ya 11. Baada ya irabu (ukiondoa ile ya mwisho isiyo na kitu mbele yake), konsonanti imefuata mara 10 kati ya 11. Iliyokataa ni ile "ai" ya "haina" peke yake. Mfano wa herufi 23 hauthibitishi kitu, na maneno kama "mbwa" na "ng'ombe" yangeuharibu haraka. Lakini unaona mnyororo. Kiswahili kinapiga hatua kwa namna yake, Kirusi kwa yake, na mwendo wote wawili unaingia kwenye jedwali dogo la namba nne.

Nimeanza mbali makusudi. Jedwali hilo dogo, ambalo vitabu vinaliita mnyororo wa Markov, ndilo linalotumika leo kujibu maswali ambayo mzee yule hakuyawaza: vyombo viwili vya kompyuta visivyofahamiana vikitaka kupatana, vitapatana? Kwa uwezekano gani? Baada ya sekunde ngapi? Historia ya maswali hayo matatu ndiyo ninayotaka kuisimulia, kwa sababu ilichukua karibu karne nzima watu kukubali kwamba la pili na la tatu yana uzito sawa na la kwanza.

Walioanza kukubali ni watu wa simu. Huko Copenhagen, mwaka 1909, A. K. Erlang wa kampuni ya simu ya mji huo alichapisha hesabu zake za jinsi simu zinavyoingia kituoni bila mpangilio. Hakuna mtu anayejua nani atapiga saa ngapi, lakini ukijua kwa wastani zinaingia ngapi, unaweza kukadiria ni mara ngapi mteja atakuta laini zote zimeshikwa. Kampuni haiwezi kumwekea kila mtu laini yake. Inachoweza ni kukubali kwamba mara chache utakosa, na kuzihesabu hizo mara chache kabla hazijatokea. Kipimo cha msongamano wa simu kinaitwa erlang hadi leo.

Kisha ikaja Hawaii. Chuo kikuu cha huko kilikuwa na matawi kwenye visiwa mbalimbali, na Norman Abramson na wenzake walitaka vituo vya kisiwa kimoja vizungumze na kompyuta ya kisiwa kingine kwa redio. Mtandao wao, ALOHAnet, ulianza kazi Juni 1971. Tatizo lilikuwa hili: masafa ni yale yale, wasemaji ni wengi. Wawili wakisema kwa pamoja, ujumbe wote unavurugika.

Umewahi kukutana na mtu uso kwa uso kwenye uchochoro mwembamba pale Kariakoo? Wewe unahamia kushoto kumpisha, na yeye anahamia huko huko. Unarudi kulia, naye yuko hapo. Mnacheka, mnacheza kidogo, hatimaye mmoja anasimama na mwingine anapita. Binadamu anatoka kwenye mchezo huo kwa sababu hakuna watu wawili wanaofanana kabisa. Mashine zinafanana! Zimetoka kiwanda kimoja, zina programu ile ile. Ukiziambia "mkigongana, subirini sekunde moja mrudie", zitasubiri sekunde moja zote mbili na kugongana tena, na tena, mpaka umeme ukatike.

Dawa ya Hawaii ilikuwa bahati nasibu. Kila kituo kisichopata jibu kinasubiri muda wa kubahatisha, kisha kinarudia. Kwa sababu kila kimoja kinabahatisha kivyake, mapema au baadaye mmoja atawahi. Abramson alikokotoa kwamba kwa utaratibu huo ni asilimia kama 18 tu ya uwezo wa njia itakayobeba ujumbe mzima. Wengine wangeona ni hasara, yeye aliona ni bei. Mwaka 1976 Robert Metcalfe na David Boggs walipoieleza Ethernet yao ya Xerox, nayo ilikuwa na bahati nasibu ndani, iliyoboreshwa: ukigongana tena, panua muda wa kubahatisha.

Mwaka 1981 Daniel Lehmann na Michael Rabin walilitia jambo hili katika hesabu kali, kwa kutumia kile kitendawili maarufu cha wanafalsafa waliokaa kwenye meza ya duara, kati ya kila wawili uma mmoja, na kila mmoja anahitaji uma mbili ili ale. Walithibitisha kwamba wakiwa sawasawa wote, bila mkubwa wa kuwaamulia, hakuna utaratibu wa amri tupu utakaowatoa. Wape shilingi warushe, wanatoka. Hapo ndipo ninapopenda kusimama kidogo. Shilingi haikuletwa kwa sababu mafundi walishindwa kufikiri vizuri zaidi. Ililetwa kwa sababu imethibitishwa kuwa bila hiyo, au bila kitu cha kuwatofautisha, hakuna njia.

Lakini shilingi ina gharama. Mtu akikuuliza "mtambo huu utafanya kazi?", huwezi tena kujibu ndiyo kwa moyo mweupe. Mashine mbili zinarusha shilingi. Zikitoa sawa, zinarudia. Uwezekano wa kutopatana raundi ya kwanza ni nusu. Baada ya raundi 10 ni moja katika 1,024. Baada ya raundi 20 ni moja katika 1,048,576. Haufiki sifuri hata siku moja. Mwanasheria angesema mtambo huo haujathibitishwa. Mwanahisabati anasema uwezekano wa kupatana hatimaye ni 1 kamili. Na fundi, ambaye ndiye mwenye akili hapa, anauliza: hatimaye lini?

Tuhamie kidogo upande wa pili wa historia hii, upande wa uhakiki. Neno hilo sisi watu wa fasihi tunalijua: kukaa na kitabu cha mwenzio ukakichambua mpaka mifupa ikaonekana. Watu wa kompyuta nao wana uhakiki wao, na wao wanasaka kitu kimoja tu, kosa. Kwa miaka mingi njia ilikuwa kujaribu. Unaendesha programu mara elfu, ikikubali unaiuza. Ubaya ni kwamba mara elfu ulizojaribu hazisemi chochote kuhusu mara ya elfu na moja. Mwaka 1977 Amir Pnueli wa Israeli alipendekeza kuitumia mantiki ya wakati, yenye maneno kama "daima" na "hatimaye", kuandika kile tunachokitaka kwa mtambo. Mwaka 1981 Edmund Clarke na Allen Emerson huko Marekani, na karibu wakati huo huo Jean-Pierre Queille na Joseph Sifakis huko Grenoble, Ufaransa, walionyesha kwamba kompyuta yenyewe inaweza kupita katika kila hali ambayo kielelezo cha mtambo kinaweza kufikia, na kuangalia kama kauli hiyo ni kweli. Kila hali, bila kuchagua. Clarke, Emerson na Sifakis walipewa tuzo ya Turing ya mwaka 2007 kwa kazi hiyo.

Jibu lao lilikuwa ndiyo au hapana. Likiwa hapana, kompyuta inakuonyesha njia nzima ya kulifikia kosa, hatua kwa hatua. Ni jibu zuri sana, lakini halina saa. "Ukiomba, hatimaye utajibiwa." Hatimaye ya dakika mbili au ya miaka mia? Kwenye mantiki ile ni sawa tu.

Kwamba si sawa, dunia ilionyeshwa tarehe 25 Februari 1991 huko Dhahran, Saudi Arabia, katika vita vya Ghuba. Betri ya makombora ya Patriot ya jeshi la Marekani ilikuwa inalinda eneo hilo dhidi ya makombora ya Scud ya Iraki. Kompyuta yake ilihesabu wakati kwa sehemu za kumi za sekunde. Sasa, moja ya kumi kwetu ni namba nyepesi, lakini kwa mashine inayojua 0 na 1 tu haiandikiki kikamilifu. Ni kama sisi tunavyoandika moja ya tatu, 0.333 na bado haijaisha. Patriot ilikuwa na nafasi ya biti 24. Zilizobaki zilikatwa. Kosa la kila sehemu ya kumi lilikuwa kama sekunde 0.000000095. Nani angeliona hilo?

Betri ile ilikuwa imewashwa mfululizo kwa zaidi ya saa 100. Zidisha: sehemu za kumi za sekunde katika saa 100 ni 3,600,000, na kosa limekuwa sekunde 0.34. Scud huenda zaidi ya mita 1,600 kwa sekunde. Kompyuta ilitakiwa kukisia Scud itakuwa wapi nukta inayofuata na kutazama hapo. Ikatazama pembeni, zaidi ya nusu kilomita kutoka mahali penyewe. Haikuona kitu. Haikurusha kitu. Kombora liliangukia ghala lililokuwa likitumiwa kama bweni la askari, watu 28 wakafa.

Ripoti ya wakaguzi wa Bunge la Marekani ya mwaka 1992 inasomeka kama tamthilia. Tarehe 11 Februari Waisraeli walikuwa wameshatoa taarifa kwamba baada ya saa 8 za kuwashwa mfululizo, dirisha la kutazamia linaanza kusogea. Tarehe 16 programu iliyorekebishwa ilitolewa. Tarehe 21 watumiaji walipelekewa ujumbe kwamba kuwasha kwa muda mrefu sana kunaweza kuleta matatizo. Ujumbe haukusema muda mrefu sana ni saa ngapi. Programu iliyorekebishwa ilifika Dhahran tarehe 26. Siku moja baada ya msiba.

Mimi nikisoma habari hii kinachonikaa ni maneno yale mawili, "mrefu sana". Aliyeyaandika hakuwa mjinga wala mwovu. Hakuwa na namba tu. Na namba ilikuwepo. Mtoto wa sekondari mwenye kalamu angeweza kuipata.

Mwaka mmoja kabla ya Dhahran, yaani 1990, Rajeev Alur na David Dill wa Marekani walikuwa wametoa kazi yao ya kwanza juu ya vielelezo vyenye saa. Toleo kamili lilichapishwa 1994. Wazo lao linaelezeka hivi. Chora mtambo kama vituo na njia, kama ramani ya daladala. Mpe saa moja au zaidi, zote zinakwenda kwa kasi moja. Kwenye kila njia andika sharti: pita hapa kama saa imezidi 3, na ukipita irudishe sifuri. Shida ni kwamba wakati haukatiki vipande. Kati ya nukta 3 na 4 kuna nyakati zisizo na idadi, kwa hiyo hali za mtambo nazo hazina idadi, na kompyuta haiwezi kupita zote. Alur na Dill walionyesha kwamba nyakati nyingi hazitofautiani kwa chochote ambacho masharti yanaweza kukiona, hivyo unaweza kuzifunga mafungu. Kama namba katika masharti ni nzima, mafungu yana idadi. Mengi, ndiyo, lakini yanahesabika. Kisichokuwa na mwisho kikawa na mwisho.

Mwaka 1995 chuo cha Uppsala cha Sweden na cha Aalborg cha Denmark walitoa chombo cha kufanyia kazi hiyo, wakakiita UPPAAL kwa kuunganisha majina ya miji yao. Ushindi wake wa mapema ninaoupenda ni ule wa kampuni ya redio na televisheni ya Bang & Olufsen. Walikuwa na itifaki ya kupashana ujumbe kati ya vyombo vyao kwenye waya mmoja, mistari kama 2,800 ya programu, iliyotumika kwenye bidhaa zao kwa zaidi ya miaka kumi. Ilijulikana kuwa na kasoro: mara moja moja ujumbe ulipotea. Kila mtu alijua, hakuna aliyeweza kuikamata kwa majaribio, maana ilitegemea nani amewahi nani kwa nukta ngapi. Mwaka 1997 Klaus Havelund, Arne Skou, Kim Larsen na Kristian Lund walieleza jinsi UPPAAL ilivyotoa njia nzima inayoelekea kwenye kosa. Kosa likarekebishwa, na marekebisho nayo yakahakikiwa.

Saa ikawa imepata dawa. Shilingi je?

Hans Hansson na Bengt Jonsson, nao wa Uppsala, walikuwa wameshaandika mantiki ambayo ndani yake kauli si tena "hatimaye utajibiwa" bali "utajibiwa ndani ya hatua 50 kwa uwezekano usiopungua 0.99". Toleo lake linalojulikana zaidi ni la mwaka 1994. Na kielelezo kinachohakikiwa ni nini? Ni mnyororo wa Markov, yule yule mzee wa herufi: uko hali fulani, na kutoka hapo kila hali inayofuata ina namba yake. Ulichobadilisha ni kwamba mahali pa irabu umeweka "nasubiri", na mahali pa konsonanti umeweka "nimegongana".

Waliokifanya kitu hiki kiwe chombo cha kila siku ni kundi la Birmingham, Uingereza: Marta Kwiatkowska, mzaliwa wa Poland, pamoja na Gethin Norman na David Parker. Chombo chao kinaitwa PRISM. Mama huyu baadaye alihamia Oxford, na mwaka 2018 akapewa tuzo ya Milner ya Royal Society, mwanamke wa kwanza kuipata.

Mfano mzuri kuliko yote, kwa macho yangu, ni FireWire, ule waya uliokuwa ukiunganisha kamera za video na kompyuta, uliowekewa kanuni mwaka 1995. Vyombo vikiunganishwa lazima vichague kiongozi. Mwishoni hubaki viwili, na inaweza kutokea kila kimoja kimwambie mwenzake "wewe uwe mkubwa". Heshima hiyo ya kupishana mlangoni! Basi kila kimoja kinarusha shilingi: upande huu, subiri muda mfupi, nanosekunde 760 hadi 850, upande ule, subiri muda mrefu, nanosekunde 1,590 hadi 1,670. Mmoja akichagua mfupi na mwingine mrefu, wa muda mfupi anatuma ombi lake, mwenzake analikuta, mambo yamekwisha. Wakichagua sawa, wanaweza kugongana tena.

Swali: shilingi iwe ya haki, nusu kwa nusu? Akili ya kawaida inasema ndiyo, maana hapo ndipo uwezekano wa kutofautiana ni mkubwa kuliko pote. Mariëlle Stoelinga, Mholanzi, alishuku vingine, na Kwiatkowska, Norman na Jeremy Sproston wakahakiki kwa PRISM. Kumbe shilingi iliyopinda ni bora zaidi, ikipinda kuelekea muda mfupi.

Tupige hesabu wenyewe, kwa kurahisisha. Sema muda mfupi ni 1, mrefu ni 2, na raundi inayofaulu inachukua 1. Kwa shilingi ya haki, robo ya raundi wote wanachagua mfupi, robo wote mrefu, nusu wanatofautiana. Raundi moja kwa wastani inachukua 0.25 + 0.5 + 0.5, yaani 1.25. Na kwa kuwa raundi zinazohitajika kwa wastani ni 2, jumla ni 2.5. Sasa pindisha shilingi: mfupi mara 6 katika 10. Kutofautiana kunashuka hadi 0.48, hivyo raundi zinaongezeka kidogo. Lakini raundi yenyewe inachukua 0.36 + 0.32 + 0.48, yaani 1.16. Gawanya 1.16 kwa 0.48, unapata kama 2.42. Mnagongana mara nyingi zaidi, na mnamaliza mapema zaidi, kwa sababu kugongana kwa haraka ni bei rahisi. Ukipindisha kupita kiasi, faida inageuka hasara. Hakuna majaribio ya kuunganisha na kuchomoa waya yangekufundisha hilo. Tofauti ni ndogo mno na nyakati ni za nanosekunde.

Kisha wakaingia kwenye Bluetooth. Simu moja inatafuta nyingine, kila moja inarukaruka kwenye masafa tofauti kwa mpangilio wake, ikingoja kwa kubahatisha. Zinapoanza, zinaweza kuwa katika mojawapo ya hali 17,179,869,184. Zaidi ya bilioni 17! Anayefanya majaribio atachagua chache kwa bahati na kuomba Mungu. Marie Duflot na kundi la PRISM walizifunga mafungu, wakazipitia zote, wakatoa jibu ambalo si la kukisia: ukianzia mahali pabaya kuliko pote, kusikia ujumbe wa kwanza kutachukua kwa wastani sekunde 2.57.

Hapo msomaji anaweza kudhani hadithi imeisha kwa furaha, shilingi na saa zote zimefungwa kamba. Kuna jambo moja linanikera. Kila kinachohakikiwa ni kielelezo, na kielelezo kinajua kile tu ulichokiandika. Saa za Alur na Dill ni kamilifu: hazichelewi, hazikatwi kwenye biti ya 24. Laiti mtu angeandika kielelezo cha Patriot na kuitia saa ya namna hiyo, chombo kingejibu kwamba kila kitu ni salama, na kingekuwa kimesema kweli juu ya karatasi.

Mwaka 1998 Anuj Puri alilishika tatizo hilo kwa hesabu. Alionyesha kwamba ipo mitambo ambayo, saa zake zikiwa kamilifu, haifiki kwenye hali mbaya milele. Ziruhusu saa zipishane kidogo tu, kidogo kiasi chochote unachotaka, mradi isiwe sifuri, na mtambo huo huo unaweza kufika. Kosa linajikusanya mzunguko baada ya mzunguko, na linachohitaji ni kuachwa likusanyike muda wa kutosha. Pale Dhahran zilitosha saa mia moja.